Mkono wa Mlangoni Mkwakwani

Hotuba ya Mweka Hazina wa Chama katika chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam

 

Tunajua kwamba mweka hazina akisimama ndipo watu hukumbuka kutoka nje kupokea simu. Kaeni kidogo. Taarifa ya mapato na matumizi imechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, hatutaisoma hapa. Kamati imetutaka tuseme juu ya wachezaji wa mpira na wema wao kwa watoto, kwa kuwa fedha zitakazochangwa usiku huu ni za kiwanja. Tena kuna jambo la mwaka juzi ambalo tunawajibika kulieleza mbele yenu, na si jambo linaloonekana kwenye safu za tarakimu.

Tuanze na mwaka 1988. Wengi wenu mnaukumbuka, ni mwaka ambao Coastal Union walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na Tanga nzima ikalala macho. Sisi tulikuwa watoto watatu wa mtaa mmoja, hatujafika hata darasa la tatu. Mjomba alikuwa na mzigo wa nazi wa kupeleka Tanga, tukapanda juu ya nazi kwenye lori, kilometa kama 50 za vumbi. Tulipofika Ngamiani akatuambia tukae chini ya mwembe mpaka amalize biashara. Tulikaa kiasi cha dakika kumi. Kisha tukafuata watu, na watu wote siku ile walikuwa wanakwenda Mkwakwani.

Hatukuwa na tiketi wala senti ya tiketi. Mmoja wetu hakuwa hata na ndala. Tulisimama karibu na mlango kama wanavyosimama watoto wote wasio na chao, tukimwangalia kila mtu mzima anayeingia, tukitumaini kuwa atatuona. Mnaijua desturi ile ya mtoto kuingia bure akishikwa mkono na mkubwa. Lakini wakubwa wa siku ile walikuwa na haraka.

Ndipo wakaja wachezaji. Mmoja wao, begi begani, alipita akatuacha hatua mbili tatu, akarudi. Akauliza, "Mmekuja na nani?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi mmekuja na mimi." Akamshika mkono mdogo wetu, mdogo akamshika wa pili, wa pili akamshika wa tatu, tukawa kama mnyororo. Mlinzi wa mlango akauliza, "Hawa nao?" Akajibiwa, "Wangu." "Wote watatu?" "Na wengine wako nyumbani." Mlinzi akacheka, tukapita. Mchezaji yule alitukalisha nyuma ya goli, akatuonya tusisogee, akaenda kuvaa jezi.

Matokeo ya mechi ile hatukubaliani mpaka leo. Mmoja wetu hushikilia kuwa tulishinda mawili. Tunachokubaliana wote ni kwamba mjomba alitutafuta mpaka magharibi, na kwamba fimbo za siku ile zilikuwa za haki. Jina la mchezaji tulilijua baadaye, lakini hatulitaji hapa kwa sababu hatukupata kumuuliza kama anakumbuka, na pengine hakumbuki. Aliwashika watoto wangapi mikono katika maisha yake ya mpira? Kati ya sisi watatu, mmoja ni fundi wa mashua pale Pangani, mmoja ametangulia mbele ya haki, na wa tatu ndiye huyu anayewachelewesha pilau.

Kazi yetu ni hesabu, na hesabu ina udhaifu wake. Kile kilichotokea mlangoni hakina pa kuandikwa. Hakikumgharimu mtu kitu, labda bei ya tiketi tatu za watoto, na klabu haikuomba risiti. Hata hivyo tunaposema leo kwamba sisi ni watu wa Coastal, kwamba hatujawahi kuuhama ukaya hata timu iliposhuka daraja, tunajua vizuri ilianza siku gani.

Siku hizi wema wa wachezaji umekuwa mkubwa, na hatuna budi kuusema kwa majina. Wa kwetu anayejulikana zaidi ni Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala. Aliichezea African Lyon, akaenda Simba, akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nao ubingwa wa Afrika mwaka 2015 na kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Katikati ya safari hiyo, Juni 2018, yeye na msanii Ali Kiba waliandaa mechi ya hisani Uwanja wa Taifa, timu ya Samatta dhidi ya timu ya Kiba, mapato yakielekezwa kwenye elimu. Mechi ile ikapewa jina la wote wawili, SamaKiba. Watu wa Tanga tuna sababu ya ziada ya kuikumbuka, maana mwaka ule ule Ali Kiba alisajiliwa na Coastal Union. Wengine walisema ni mzaha. Sisi tuliona watu waliokuwa hawajatia mguu Mkwakwani kwa miaka wakiulizia ratiba.

Angalieni jinsi jambo lile lilivyofanywa, kwa macho ya mtu wa hesabu. Samatta angeweza kutoa fedha mfukoni, akapiga picha, ikaisha. Yeye alitoa jina lake na siku moja ya mapumziko yake, na maelfu ya mashabiki ndio waliokata tiketi. Mtoto atakayepata dawati hapo amesaidiwa na mchezaji, ni kweli, lakini amesaidiwa pia na dereva wa bodaboda aliyekwenda kumwona Samatta akicheza pembeni ya msanii asiyejua kukaba.

Tuvuke upande wa pili wa bara, Senegal. Sadio Mané ametoka kijiji kinachoitwa Bambali, mkoa wa Sédhiou, kusini kabisa, mbali na Dakar kuliko sisi tulivyo mbali na jiji hili. Baba yake alifariki Mané akiwa bado mtoto, na kijijini hapakuwa na hospitali. Akakua, akawa Mané wa Liverpool. Kabla ya fainali ya Ulaya ya mwaka 2018, ile waliyofungwa na Real Madrid huko Kyiv, alipeleka kijijini jezi 300 ili watu wavae wakiangalia mechi. Hicho ni kitu cha kufurahisha, na jezi huchakaa. Lakini mwaka 2019 akajenga shule, na mwaka 2021 hospitali ikafunguliwa. Na hapa ndipo tunapompenda zaidi. Kuhusu hospitali ile alikwenda mwenyewe kuonana na Rais wa nchi, wakati ule Macky Sall. Maana mchezaji anaweza kujenga kuta na kununua vitanda, lakini daktari, muuguzi na dawa za kila mwezi ni mzigo wa serikali na wa wenyeji. Ni wangapi kati yetu tumejenga jengo nyumbani, tukakata utepe, tukarudi Dar, na leo popo ndio wagonjwa wa pekee?

Na huko Uingereza, Marcus Rashford, wakati ule wa Manchester United, aliyekula chakula cha bure cha shule alipokuwa mtoto, aliwaandikia wabunge barua ya wazi Juni 2020, wakati wa korona, akitaka watoto wa familia maskini waendelee kupewa chakula likizo ya kiangazi. Siku iliyofuata serikali ikabadili msimamo. Barua ile haikumgharimu zaidi ya tiketi zetu tatu.

Ndugu zetu, sasa tuseme lisilosemwa kwenye harambee. Mchezaji wa mpira, hasa wa ligi yetu, si benki. Akianza kulipwa na miaka 19 na akatundika daluga na miaka 33, ana miaka 14 ya mshahara, tena kama goti limekubali. Sisi wa ofisini tunakwenda hadi 60. Mshahara wake huchelewa, mkataba wake huvunjwa, na kila akifunga goli simu inaita: ada ya mtoto, bati la nyumba, msiba, harusi, na chama cha maendeleo. Tulipekua jalada letu tukakuta kwamba kwa mwaka mmoja tulimwandikia kijana wetu mmoja barua tano za maombi, na ya shukrani hakuna.

Huyo ndiye tunayetaka kumsema. Wote humu mnamjua, anacheza Ligi Kuu, na yeye mwenyewe ameomba jina lake lisichapishwe. Mwaka juzi alikabidhi kwa Kamati jozi 24 za njumu, mipira sita, na fedha za posho ya mwalimu wa timu ya watoto kwa msimu mzima. Alivileta mwenyewe kwa gari la kuazima, akapakua kwa mikono yake, akakataa hata soda.

Tulipokea. Hatukumwandikia stakabadhi, kwa sababu ni kijana wetu. Hatukuuliza nyumbani watoto wanavaa namba ngapi. Viatu vilipanda basi bila orodha, vikashuka bila orodha. Tulipokuja kufuatilia baadaye tuliziona jozi tisa tu miguuni mwa watoto wa timu. Nyingine zilikwenda kwa watoto wa wajumbe, wasiocheza, wanaovaa njumu kwendea dukani. Nyingine hatujui. Na zile fedha za mwalimu tulizitumia kulipia ukumbi wa mkutano wetu, tukaziita mkopo wa muda, zikarudi baada ya miezi minane. Mwalimu aliendelea kufundisha miezi yote hiyo bila senti, na hakusema neno.

Mkaguzi hakuligundua jambo hili, kwa kuwa lisiloandikwa halikaguliwi. Aliyeligundua ni mtoa zawadi. Alikuja nyumbani msimu ulipoisha, akavuka na kivuko jioni bila kumwambia mtu, akaenda moja kwa moja kiwanjani. Akakuta watoto wanafanya mazoezi, wengi peku. Akamwita mmoja, golikipa wa miaka kama kumi na moja, akamuuliza, "Njumu zako ziko wapi?" Mtoto akamwangalia akasema, "Zipi, kaka?"

Hakugomba. Alimpigia simu mtu wa Kamati usiku ule, na maneno yake yalikuwa machache: "Mimi sina ugomvi na wazee. Ila kuanzia sasa nitakuwa natuma mwenyewe." Akakata. Kwa mwaka mzima uliofuata jina lake halikuonekana kwenye orodha yetu ya wachangiaji, na mkutano mkuu ulipouliza, tulijibu kwamba ana majukumu mengi. Jibu lile lilikuwa uongo. Tunaliondoa usiku huu mbele yenu, na tunawaomba radhi, nyinyi na yeye.

Baadhi ya wajumbe walituonya kwamba hotuba ya namna hii itafunga mikoba ya watu. Inawezekana. Lakini tumefanya kazi ya vitabu zaidi ya miaka ishirini, na hatujaona mchangiaji aliyekimbia kwa kuambiwa ukweli mapema. Tumewaona wengi waliokimbia kwa kuugundua wenyewe.

Hili la kuandika si urasimu wa wahasibu, kama vijana wanavyotutania. Hata mpira wenyewe wa dunia unajua. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya fedha za uhamisho zigawiwe klabu zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 hadi 23. Ni wema uliowekwa kuwa sheria, ili aliyemfunga mtoto kamba za viatu asisahaulike. Lakini hugawiwa klabu iliyosajiliwa na yenye kumbukumbu kwamba mtoto huyu alikuwa wake, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Timu yetu ya watoto imekuwapo tangu enzi za baba zetu, na hadi mwaka jana haikuwa na daftari hata moja la majina. Leo akitokea Samatta wetu, tutakachoweza kuonyesha ni hadithi.

Basi tulifanya hivi. Tulirudisha thamani ya njumu zilizopotea, kila mjumbe wa Kamati akichanga mfukoni mwake, na mwalimu akalipwa posho yake yote. Tulifungua daftari la watoto: jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, namba ya kiatu, sahihi ya mzazi. Kisha wawili wetu tukaomba kuonana na kijana, tukamfuata kambini kwa timu yake na daftari mkononi. Alilifungua akacheka. "Kaka, mmeandika mpaka namba za miguu?" Tukamwambia ndiyo, na golikipa anavaa namba 36. Akanyamaza kidogo. Hakutuahidi kitu, nasi hatukumwomba.

Alipotusindikiza getini ndipo akasema lake. Alisema alipokwenda safari ile, kabla ya kuona miguu ya watoto, aliona kitu kingine. Pembe moja ya kiwanja imelimwa mihogo, na karibu na kibendera cha kona kuna jiwe la mpaka la kiwanja cha mtu. "Viatu hata nikileta kila mwaka," akasema, "watavivaa kuchezea wapi?"

Tulikwenda kuhakikisha, na ni kweli. Kiwanja kile mnachokijua, chenye minazi upande wa kusi, kile ambacho mpira ukitoka nje unaingia kwenye mikoko na golikipa anavua jezi kuufuata, hakina karatasi hata moja. Zamani hakikuhitaji, maana hakuna aliyekitaka. Sasa umekuja mradi wa barabara ya lami na wa daraja la mto Pangani, na kila wiki kuna mgeni anauliza bei ya viwanja. Hatumlaumu aliyepanda mihogo, amepanda palipokuwa wazi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya matumizi ya pamoja iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti juu yake. Tumeshakaa na wazee na serikali ya kijiji. Wameafiki kiwanja kipimwe, kiwekewe mawe, kiingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kama eneo la michezo la watoto. Mwenye mihogo ameomba aachiwe mpaka avune, tumekubaliana.

Kinachobaki ni gharama za mpimaji, mawe ya mipaka, miti ya kuzungushia, na choo, kwa sababu mabinti nao wameanza timu na hawana pa kubadilishia nguo. Mchanganuo uko ukurasa wa mwisho, na bei zake ni za mafundi watatu tofauti, mnaweza kuwapigia.

Mtauliza kama kijana atachangia usiku huu. Hayupo humu ukumbini, ana mechi kesho. Lakini Jumatatu iliyopita aliuliza kitu kimoja tu kwa ujumbe wa simu: siku ya kuweka mawe ni lini, maana angependa iangukie mapumziko ya ligi, awepo kushika kamba ya mpimaji pamoja na watoto. Tulimwambia inategemea nyinyi.

Tunatoka humu mezani sasa hivi na vitabu viwili vya stakabadhi, vyenye namba kuanzia 001. Akija karani mezani kwako, mpe, au ahidi, kiasi chochote. Ila asiondoke bila kukuandikia, hata kama ni mtoto wa dada yako.

Pilau iletwe.